Uwanja wa Jioni na Sufuria ya Nyumbani

Biashara ya kupunguza unene imefika hadi kijijini kwetu Kabungu. Inakuja kwa simu: picha mbili za mwanamke mmoja, ya kwanza mnene, ya pili mwembamba, na chini yake namba ya kutuma pesa pamoja na ahadi kwamba tumbo litaisha ndani ya wiki mbili. Wengine wanauza chai, wengine unga wa kukoroga kwenye maji ya moto, wengine mikanda ya kubana kiuno. Hivi karibuni binti wa kaka yangu alinionyesha tangazo la aina hiyo. "Shangazi, nitume hela?" aliniuliza. Alikuwa ametenga fedha za karanga alizouza. Nikamwomba asubiri kwanza tuzungumze, na mazungumzo yakachukua jioni nzima, maana jibu langu limo katika miaka niliyoishi na mwili huu, hapa kijijini na Mpanda mjini.

Nilianza na tahadhari. Mwaka 2010 dawa iitwayo sibutramini, ambayo madaktari walikuwa wakiitoa kupunguza unene, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani baada ya kubainika kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo wakaguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wameikuta imechanganywa kimyakimya kwenye vidonge na chai zinazouzwa kwa jina la mitishamba. Kwetu sisi, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ndiyo yenye kazi ya kusajili dawa. Unga usiosajiliwa, unaouzwa na mtu usiyemjua, hakuna anayeweza kukuhakikishia una nini ndani. Kwa mtu mwenye presha kama mimi, hilo ni jambo la uhai.

Lakini kumkataza mtu si kumsaidia. Ukimzuia njia moja, mwonyeshe nyingine. Hiyo nyingine ndiyo niliyomsimulia.

Nilikulia Kabungu wakati huku kote bado ni Mkoa wa Rukwa, kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012. Utotoni sikuwahi kusikia mtu akisema anakwenda kufanya mazoezi. Tuliteka maji, tukasenya kuni kwenye miyombo, tukalima mahindi na karanga, tukatembea kwenda shule na kurudi. Chakula kilikuwa ugali wa dona, kisamvu kilichoungwa kwa karanga, mlenda, maharage, na dagaa au migebuka walioletwa kutoka Karema na Ikola, pwani ya Ziwa Tanganyika. Masika yakianza tuliokota uyoga. Mafuta ya kupikia yalinunuliwa kwa kipimo kidogo na kutumiwa kwa heshima.

Jambo ninalolikumbuka zaidi ni kwamba baada ya kazi zote hizo bado tulikuwa na nguvu ya kucheza. Jua likipungua, wasichana tulijaa uwanjani kucheza rede, kuruka kamba, na giza likianza kuingia tukahamia kombolela mpaka mama zetu waite. Hakuna aliyetusukuma. Miili yetu ilifanya kazi mchana kwa sababu maisha yalitaka hivyo, na ilikimbia jioni kwa sababu ilipenda. Ilinichukua miaka mingi kuelewa tofauti ya mambo hayo mawili. Kazi ya lazima huondoka maisha yakibadilika, na hakuna anayetamani tena kubeba ndoo kichwani umbali mrefu. Mchezo ndio unaoweza kurudishwa.

Maisha yangu yalibadilika nilipopata kazi ya ukarani Mpanda mjini. Nilikaa kwenye kiti kuanzia asubuhi hadi jioni. Bodaboda ilinichukua mlangoni na kunishusha mlangoni. Asubuhi chai yenye sukari na maandazi, mchana chipsi mayai na soda, usiku wali. Hakuna siku niliyohisi nakula kupita kiasi, kwa kuwa kila nilichokula ndicho walichokula wenzangu wote pale ofisini. Nilipokuja nyumbani likizo, wazee walinipokea kwa furaha: "Umenawiri mwanangu, mji umekupokea." Waliongea kwa upendo wa dhati. Katika nchi iliyoyaona magonjwa na vipindi vya njaa, mwili mnene ni habari njema, na anayetaka kuzungumzia uzito na watu wetu aanze kwa kuiheshimu historia hiyo.

Baadaye nilirudi Kabungu na kufungua duka la bidhaa za nyumbani. Kiti kilinifuata, sasa kikiwa nyuma ya kaunta. Maumivu ya kichwa yaliyokuwa yakija asubuhi na kutoondoka ndiyo yaliyonipeleka kupima. Presha ilisoma 160 kwa 100. Muuguzi alinipima uzito, kilo 86, kisha urefu, mita 1.58, akanieleza hesabu yake bila haraka: unachukua kilo zako, unazigawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ikifika 25, uzito umezidi. Ikifika 30, hicho ndicho kiribatumbo. Yangu ilipita 34. Akachukua tepu na kuizungusha tumboni, akaniambia kwamba mafuta yanayokaa ndani ya tumbo ndiyo yanayosumbua zaidi moyo na sukari ya damu.

Maneno yake ya mwisho ndiyo yaliyonibeba. "Mama, sikwambii uwe mwembamba. Meza dawa zako kama nilivyokuelekeza, na tupunguze kilo chache tuone presha itasemaje." Alijua jambo ambalo wauzaji wa unga hawalisemi: mtu akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wake, presha na sukari huanza kupata nafuu. Kwangu mimi hizo zilikuwa kama kilo 4 hadi 9. Lengo dogo lilinipa moyo, kwa sababu niliweza kuliona mwisho wake.

Sikuwa peke yangu katika hali hiyo, ingawa nilidhani hivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Utafiti huohuo uliweka Rukwa na Katavi, mikoa inayovuna mahindi kwa wingi, miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi waliodumaa. Nyumba moja inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama mwenye presha, na wote wawili wamekula ugali wakashiba. Tangu nilipolijua hilo, sijawahi tena kuuona unene kama suala la mtu mmoja na tamaa yake.

Nilianza kwa kutembea alfajiri, peke yangu. Wiki za kwanza nilikwenda kwa bidii. Kisha zikaja asubuhi za baridi ya Juni, mbwa wa watu njiani, na maswali ya kila niliyekutana naye: "Mama, kuna msiba wapi?" Huku kwetu mtu mzima anayetembea haraka alfajiri bila jembe wala ndoo ana tatizo. Muhimu zaidi, hakukuwa na mtu ambaye angejua kama nimelala. Siku niliyobaki kitandani ilipita kimya, ikafuatwa na nyingine. Nimewaona wengi wakiishia hapo na kuambiwa hawana nia. Siamini hivyo. Nia walikuwa nayo. Walichokosa ni mtu wa kuwangoja.

Mabadiliko yalitoka mahali ambapo sikuyatazamia. Kikundi chetu cha vikoba kilikuwa kikikutana kila wiki karibu na uwanja wa shule. Jioni moja, tukiwa tumeshamaliza kuhesabu hisa, wasichana wa shule waliokuwa wakifanya mazoezi ya mpira wa pete walipungukiwa wachezaji. Mmoja wetu, mama mkubwa kwa umri kuliko mimi, akakaza kitenge chake akaingia. Wa pili akafuata. Baada ya muda tulikuwa wote uwanjani, tumevua viatu, tunapiga kelele za kuomba mpira. Nilikimbia jioni ile kuliko nilivyotembea mwezi mzima, na sikuangalia saa hata kidogo. Wiki iliyofuata tulifika kwenye kikao mapema, kila mmoja akiwa na raba au kandambili za kufunga, bila kuambiana.

Katika kikundi chetu wamo akina mama wa Kisukuma, ambao familia zao zilihamia Katavi na mifugo wakitafuta malisho na ardhi. Mmoja wao alituambia kwamba siku isiyo na mpira isiwe sababu ya kukaa. Akaleta majembe na kutufundisha bugobogobo, ngoma iliyozaliwa katika kilimo cha pamoja, ambamo wachezaji hurusha majembe na kuyadaka kwa mdundo. Kabla wimbo haujafika mwisho, mapaja yanawaka na jasho linatiririka. Wenzetu waliotoka makazi ya Katumba na Mishamo nao wakaleta michezo yao ya miguu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya kuchangamsha mwili kwa wiki. Sisi tulizipata tukicheka, na wengine wetu tulikuwa hatujui kwamba pendekezo kama hilo lipo.

Hapo nilijifunza somo kubwa kuliko yote niliyopata. Watu huzungumzia hamasa wakidhani inakaa moyoni mwa mtu mmoja, na kwamba ikiisha yeye ndiye mwenye kasoro. Kwetu ilikaa uwanjani. Mwenye huzuni alikuja kwa sababu angetafutwa. Aliyechoka alikuja kukaa pembeni, na mdundo ukamwinua. Nisipofika, jioni hiyohiyo kulikuwa na mtu anapiga hodi: "Tumekukosa, kulikoni?" Swali hilo liliniamsha siku nyingi ambazo nia yangu peke yake isingetosha.

Hata hivyo, tulipoanza kupima uzito, wengi wetu tulishangaa: tulikuwa na pumzi zaidi, usingizi mzuri, magoti yamekuwa mepesi, lakini mizani haikusogea sana. Ndipo tulipomwomba afisa lishe aje kuzungumza nasi. Alitueleza kuhusu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 mwanasayansi Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti uliopima nishati ambayo Wahadzabe wanatumia kwa siku nzima. Watu hao wanatembea, wanachimba mizizi na kuwinda, na utafiti mwingine uliofuata ulionyesha kwamba shughuli zao za kuchangamsha moyo huzidi saa mbili kwa siku. Lakini ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyotumia kwa jumla haikuwa tofauti sana na ya wakazi wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Mwili una namna ya kubana matumizi mahali pengine unapofanya kazi nyingi.

Afisa yule hakusema hivyo ili tuache kucheza. Alisema mazoezi yanalinda moyo, yanashusha presha, yanasaidia insulini kufanya kazi yake, yanatunza misuli na kuzuia kilo zilizoondoka zisirudi. Ila kilo zenyewe zinaondokea jikoni. Kwa mtu wa uzito wangu, nusu saa ya kutembea kwa haraka inatumia nishati inayokaribia ile ya soda moja. Soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 9 vya chai. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori zipatazo 120, na sisi tulikuwa tunamimina moja kwa moja kutoka kwenye kidumu.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho kilichotofautisha ushauri wake na mihadhara mingine niliyosikia. Alituuliza tulipika nini jana, kila mmoja, akaanza na majibu yetu. Hakutaja chakula hata kimoja kisichopatikana Kabungu. Alichora sahani chini kwa kijiti: nusu mboga na matunda, robo ugali, wali au viazi, robo maharage, dagaa, samaki au mayai. Akatuonyesha kwamba tayari tunavyo mchicha, majani ya maboga, kisamvu na matembele, na kwamba maembe na mapapai yanaoza chini ya miti wakati sisi tunanunua juisi za pakiti. Dona badala ya sembe, kwa sababu makapi yake yanashibisha. Mafuta yapimwe kwa kijiko. Karanga zilizotwangwa ziwe kiungo cha mboga, mafuta yapungue. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai. Maji kabla ya soda, na soda ibaki ya sherehe. Kuhubiri lishe ndiyo kazi ya Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania tangu ilipoundwa mwaka 1973. Tofauti ni kwamba safari hii ilifika ikiwa na majina ya mboga zetu.

Kuibadilisha sufuria ya nyumbani kulihitaji busara, kwa sababu sufuria si ya mpishi peke yake. Mama mkwe wangu aliona mboga isiyong'aa mafuta akauliza kama duka limefilisika. Nilimweleza kuhusu presha yangu, na kwamba hata yeye magoti yanamsumbua. "Basi nipikie kama zamani," akasema, akanifundisha mwenyewe kuunga mlenda kwa karanga kama alivyofanya mama yake. Tangu siku hiyo akawa mtetezi wangu mbele ya familia nzima. Nilijifunza kwamba ushauri wa lishe unaingia nyumbani kwa urahisi ukipitia kwa wazee, kwa kuwa sehemu kubwa ya kile tunachokiita kula vizuri leo ndicho walichokula wao.

Miezi ilivyopita, kilo zikaanza kuondoka polepole. Hapo likaja jaribu ambalo hakuna aliyenitahadharisha: huruma ya watu. "Umekwisha hivyo, unaumwa?" "Nyumbani kuna amani kweli?" Wakubwa wenzangu wanajua kilichojificha katika maswali hayo. Sisi tuliozika ndugu miaka ya 1990 tunakumbuka jinsi kukonda kulivyokuwa kunasomwa. Nimewajua wanawake waliorudisha uzito kwa makusudi ili minong'ono ikome. Kilichoniokoa ni kwamba tulikuwa wengi tunaopungua kwa pamoja, mbele ya macho ya kijiji, tukipiga ngoma. Muuzaji wa mboga aliponiuliza kama naumwa, jirani yake alinijibia: "Haumwi, huyu ni wa uwanjani." Kundi lilitupa jina, na jina likafunga midomo ya wasiojua.

Kisha ikafika hatua ambayo mizani ilisimama kabisa. Wenzangu kadhaa walianza kukata tamaa. Tukakubaliana kuacha kuiuliza mizani kila wiki na badala yake tuangalie mambo mengine: tepu ya kiunoni, presha, kitenge kinazunguka mara ngapi, nani sasa anapanda mlima na mzigo bila kupumzika, nani halali tena mchana kwa uchovu. Mwili unapozoea uzito mpya hupunguza mahitaji yake na njaa huongezeka, kwa hiyo kusimama huko ni kawaida, wala si dalili ya kushindwa. Mimi nimefika kilo 78 na nimekaa hapo. Kwa mujibu wa hesabu ya muuguzi bado nimo kwenye kiribatumbo. Lakini presha yangu imetulia, daktari amepunguza dozi ya dawa, na ninadaka mpira wa pete pamoja na wasichana wa sekondari.

Misimu nayo ilitufundisha. Mvua zikianza Novemba, kila mtu yuko shambani na uwanja unaota majani. Mwanzoni tuliogopa kwamba kundi limekufa. Halikufa, kwa sababu hatukulifanya jambo la kila siku milele. Wakati wa kilimo mwili unapata kazi yake, na sisi tunalinda sufuria tu. Mavuno yakiisha, mtu anafyeka uwanja na ngoma inalia. Mpango wa kupungua usiojua kalenda ya mkulima hautadumu Katavi.

Haya yote nilimweleza binti wa kaka yangu. Hakutuma hela. Aliniuliza uwanjani tunakutana saa ngapi.

Wapo na wengine ambao ningependa wanisikie. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Novemba 2019 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akazindua mpango wa taifa wa kukabili magonjwa yasiyoambukiza. Maagizo tunayo. Kinachohitajika sasa katika vijiji vyetu ni vitu vya kushikika: uwanja usiouzwa kwa viwanja vya nyumba, mipira miwili, ruhusa ya walimu wakuu kuwaacha akina mama waingie jioni, na afisa lishe anayekuja na kijiti cha kuchorea chini na muda wa kusikiliza. Viongozi wa vijiji vya wilaya yetu ya Tanganyika wanaweza kuanza na hilo la uwanja katika mkutano wao ujao wa kijiji. Na wewe unayesoma ukiwa na simu mkononi na tangazo la unga mbele yako, hela hiyo nunulia mpira, kisha waite majirani.